Kupima Ufundishaji: Mambo Ambayo Mzazi Anaweza Kuyaona

Mnunuzi wa sukari katika soko la Sirari ana mizani mbele ya macho yake. Akishuku uzito, huomba mzigo wake upimwe tena, na ikithibitika kuwa mizani imechezewa, sheria ya vipimo iko upande wake. Huduma ya ufundishaji haina mizani ya namna hiyo. Mzazi humpeleka mtoto shuleni asubuhi na kumpokea alasiri, na yaliyotokea katikati huyasikia kwa mtoto mwenyewe, ambaye akiulizwa wamejifunza nini hujibu kwamba wamesoma, kisha hukimbilia mpira. Miaka hupita, na karatasi ya matokeo inapofika, huduma imekwisha kutolewa wala haiwezi kurudishwa dukani kama bidhaa mbovu.

Makala haya yanaeleza namna watafiti wanavyopima kazi ya mwalimu darasani, na jinsi mzazi wa Tarime au Serengeti anavyoweza kutumia baadhi ya njia zao. Hatukusudii kumgeuza mzazi kuwa mkaguzi wala kumfanya mwalimu mshitakiwa. Tunachosema ni kwamba huduma hii inalipiwa. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bila ada, lakini Serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, mbali na mishahara ya walimu, na chanzo chake ni kodi ya wananchi. Juu ya hapo mzazi hununua sare na madaftari, na mara nyingi huchangia chakula. Katika shule binafsi za Tarime mjini na Mugumu hulipa ada kamili. Anayelipa ana haki ya kujua anachopewa.

Orodha ya matokeo na majengo mapya

Kwa muda mrefu kipimo kilichozoeleka kimekuwa nafasi ya shule katika matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, Serikali ilianza kuzipanga shule kwa nafasi kitaifa na ndani ya kila wilaya, na kuzitangaza nafasi hizo ili shule zijitahidi. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walichambua takwimu za shule za nchi nzima kuanzia 2011 hadi 2016, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2021. Walikuta mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipanda kweli. Lakini mpango huohuo ulizifanya shule ziwaengue kwa makusudi baadhi ya wanafunzi kabla hawajafika darasa la mwisho, na mtoto dhaifu akiondoka, wastani wa waliobaki hupanda. Mzazi aliyeiona shule imepanda ngazi hakuwa na njia ya kujua kama imepanda kwa kufundisha au kwa kupunguza.

Mwanzoni mwa 2023, Baraza lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule kumi bora na kumi za mwisho. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulikuwa sahihi. Matokeo ya kila shule bado hutolewa, na mzazi asiache kuyasoma, ila ayasome akiwa na swali la ziada mkononi: watoto wangapi walianza na kundi hili darasa la kwanza, na wangapi walikaa kwenye chumba cha mtihani? Rejesta ya wanafunzi ipo shuleni, na mjumbe wa kamati ya shule anaweza kumwomba mwalimu mkuu asome tarakimu hizo mbili katika mkutano wa wazazi. Kwa shule binafsi liulizwe jambo jingine tena, kwa kuwa shule inayowachuja watoto kwa usaili mlangoni huanza na watoto wanaoelewa haraka. Ufaulu wake unaweza kuwa sifa ya usaili kuliko sifa ya walimu.

Kipimo cha pili kinachopendwa ni majengo. Katika eneo la Nyamongo, fedha za uwajibikaji kwa jamii za mgodi wa North Mara hujenga madarasa, na hilo ni jambo jema. Hakuna mtoto anayesoma vizuri akinyeshewa. Hata hivyo, jengo halifundishi. Mwaka 2013 na 2014 ulifanyika utafiti mkubwa wa KiuFunza katika shule za msingi 350 zilizopo katika wilaya kumi za Tanzania. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikafika shuleni moja kwa moja. Katika kundi jingine, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bakshishi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Kundi la tatu lilipewa vyote viwili. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imeongeza ujifunzaji hata kidogo, na bakshishi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya. Watoto wa shule zilizopata vyote viwili ndio waliosonga mbele waziwazi. Funzo kwa mzazi anayechangia ujenzi au vitabu ni kwamba mchango wake huzaa pale tu unapokutana na juhudi ya mwalimu darasani. Kwa hiyo juhudi hiyo ndiyo ya kuangaliwa.

Mwalimu yupo, je, yumo?

Kiswahili hutofautisha yupo na yumo, na sehemu kubwa ya utafiti wa ufundishaji nchini imesimama juu ya tofauti hiyo. Mwaka 2014 Benki ya Dunia na washirika wake walipima utoaji wa huduma katika shule za msingi za umma 400 nchini Tanzania. Wapimaji walifika bila taarifa, wakamtafuta kila mwalimu aliyekuwa kwenye orodha yao. Takriban asilimia 14 ya walimu hawakuwapo shuleni. Lakini walipoangalia nani yumo darasani, takriban asilimia 47 hawakuwamo. Maana yake ni kwamba karibu theluthi moja ya walimu walikuwa ndani ya eneo la shule lakini nje ya darasa. Mzazi apitaye barabarani na kuiona baiskeli ya mwalimu chini ya mti huridhika, na anaweza kuwa ameridhika bure.

Vipimo vya aina hiyo vilifanywa katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, na mwaka 2017 matokeo yakawekwa pamoja. Kwa wastani mwanafunzi wa shule ya msingi alifundishwa saa 2 na dakika 50 kwa siku, ambazo ni zaidi kidogo tu ya nusu ya muda uliopangwa katika ratiba.

Tusiharakishe kusema ni uvivu. Mwalimu anaweza kuwa nje ya darasa kwa sababu ameitwa kujaza takwimu zinazotakiwa wilayani leo hii, au anasahihisha madaftari mia moja ambayo hakupata saa nyingine ya kuyasahihisha. Anaweza kuwa anampeleka mtoto mgonjwa zahanati. Wapo pia wanaokaa ofisini kwa sababu hakuna anayewauliza. Mtoto aliyebaki na ubao mtupu hapati tofauti yoyote kati ya sababu hizo, lakini mzazi anayetaka jambo lirekebishwe lazima aijue sababu. Ya kwanza hutatuliwa na halmashauri na ya mwisho hutatuliwa na mwalimu mkuu.

Njia rahisi ya kufuatilia ni ratiba. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30, na kwa madarasa ya juu ni dakika 40. Mzazi ainakili ratiba ya darasa la mtoto wake na kuibandika ukutani. Jioni, badala ya kuuliza kwa jumla mtoto amejifunza nini, aulize kwa kitu kilichotajwa: kipindi cha pili cha leo kilikuwa Hisabati, mwalimu aliingia? Aliandika nini ubaoni? Alitoka kabla ya kengele? Watoto hujibu maswali ya namna hiyo vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani. Nchini Marekani, mradi mkubwa wa kupima ufundishaji uliofadhiliwa na Taasisi ya Gates, ambao ulihusisha walimu wapatao 3,000 na kukamilika mwanzoni mwa 2013, ulionyesha kuwa wanafunzi wakiulizwa kuhusu matendo ya mwalimu, na si kama wanampenda, majibu yao huwa kipimo cha kutegemewa.

Na mzazi naye ajipime. Anayembakiza mtoto nyumbani achunge ng'ombe kwa sababu wakubwa wamekwenda mnadani, au amsaidie kuvuna, amempunguzia mtoto vipindi vilevile anavyomdai mwalimu.

Swali, jibu na sekunde tatu

Mwalimu akiwa darasani, anafanya nini? Hapa ndipo utafiti wa mwenendo wa mwalimu una mengi ya kutueleza.

Mmoja wa waanzilishi wake, Ned Flanders wa Marekani, alitengeneza utaratibu ambao mtazamaji hukaa nyuma ya darasa na kuandika namba moja kila baada ya sekunde tatu. Namba saba zilikuwa za aina za usemi wa mwalimu, mbili za usemi wa wanafunzi, na moja ya ukimya au vurugu. Katika madarasa aliyoyachunguza, theluthi mbili za muda kulikuwa na mtu anayesema. Theluthi mbili za usemi huo zilikuwa za mwalimu. Na theluthi mbili za usemi wa mwalimu zilikuwa kueleza, kuelekeza au kukosoa. Kitabu chake cha mwaka 1970 kiliwafundisha wengi duniani kwamba kipindi kinaweza kupimwa kwa kuhesabu, pasipo kutegemea hisia.

Hapa Afrika Mashariki, Jo Ackers na Frank Hardman walirekodi na kuchambua vipindi 102 vya shule za msingi za Kenya, vya Kiingereza, Hisabati na Sayansi, wakachapisha matokeo mwaka 2001. Mwalimu alieleza, akauliza swali fupi lenye jibu moja, darasa zima likajibu kwa sauti moja, kisha akaendelea. Msomaji aliyepita shule ya msingi upande wowote wa mpaka wa Sirari na Isebania anaifahamu sauti hiyo. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Kiitikio cha pamoja kina kazi yake, hasa katika darasa kubwa na katika kukariri hesabu za kuzidisha. Ubaya wake ni kwamba kinamficha asiyejua. Watoto thelathini wakijibu kwa sauti, waliobaki huimba nyuma yao, na mwalimu huondoka akiamini darasa limeelewa.

Uchunguzi mwingine ni mdogo kwa umbo lakini sisi tunauthamini kuliko mwingi. Mary Budd Rowe, aliyeandika mwaka 1974, alipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali kabla ya kumpa mwingine nafasi au kujijibu mwenyewe. Kwa kawaida ulikuwa kama sekunde moja. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, watoto walioshindwa kujibu walipungua, na wale waliodhaniwa kuwa wazito wakaanza kunyoosha mikono. Hakukununuliwa chochote wala hakukujengwa chochote.

Sasa tulipeleke jambo hilo Nyamwaga, Nyamongo, Nata au Robanda. Mtoto wa darasa la kwanza huko anaweza kuwa anazungumza Kikurya nyumbani, au Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye. Darasani lugha ni Kiswahili. Swali likiulizwa, analisikia kwa Kiswahili, analipeleka katika lugha ya mama, anapata jibu, kisha anatafuta maneno ya kulirudisha. Sekunde moja haimtoshi mtoto huyu. Mwalimu asiyejua sababu humwandika kuwa mzito, na mzazi huambiwa mwanawe hana akili. Ni maoni yetu kwamba, katika wilaya hizi mbili, sekunde tatu za kusubiri ni sehemu ya ubora wa huduma sawa na kitabu.

Ugumu wa lugha umetambuliwa rasmi. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020 na kuujumuisha Mkoa wa Mara, uliwazoeza walimu wa madarasa ya awali kufundisha kusoma. Ulianzisha pia masomo ya utayari wa shule yaliyojengwa juu ya hadithi, kwa ajili ya watoto ambao hawakupata elimu ya awali na ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Tangu 2022 Mara imo pia katika mpango wa Shule Bora. Walimu wenyewe hukutana shuleni kwao katika utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaofahamika kama MEWAKA, kujadili vipindi vyao. Mzazi anaweza kumuuliza mwalimu mkuu kama vikao hivyo vinafanyika na ni mada gani iliyojadiliwa mwezi huu. Jibu lenye mada mahususi ni dalili njema.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Wapo wanaodhani ufundishaji bora huonekana kwa madawati kupangwa katika makundi na watoto kuzungumza, na kwamba mwalimu anayesimama mbele ya safu amepitwa na wakati. Angeline Barrett, aliyechunguza walimu wa shule za msingi za Tanzania na kuandika mwaka 2007, alionyesha kuwa mambo si mepesi hivyo. Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kulifundisha darasa zima kutoka mbele na bado akawafikia watoto mmoja mmoja kwa maswali yake. Viwango vyetu vinataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Penye watoto mia chini ya paa moja, mwalimu asilaumiwe kwa kukosa makundi. Aulizwe kama anawaita watoto kwa majina, wa nyuma na wa mbele, wasichana na wavulana.

Daftari husema

Mzazi asiyeweza kuingia darasani bado ana ushahidi mkononi mwake kila jioni, nao ni daftari la mtoto. Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hiki ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na kila nyumba.

Anza na tarehe. Zihesabu siku za mwezi uliopita zenye kazi ya Hisabati, uzilinganishe na ratiba. Kukiwa na vipindi vitano kwa wiki na daftari lina kazi mbili, pana jambo la kuuliza. Huenda kazi ilifanywa kwa mdomo au kwa vitendo, hasa kwa watoto wadogo, lakini haiwezekani iwe hivyo mwezi mzima.

Kisha tazama kama kazi ni ya mtoto au imenakiliwa. Daftari lililojaa maelezo marefu yenye mwandiko safi, yanayofanana neno kwa neno na ya jirani, linaonyesha kwamba ubao ulinakiliwa. Halionyeshi kwamba mtoto ameelewa. Mwombe asome sentensi moja kutoka katikati ya ukurasa na aieleze kwa maneno yake, kwa lugha yoyote mnayozungumza nyumbani. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kufanya hivi: mtoto asome, mzazi asikilize kama anasoma au anakisia, na amuulize maana yake.

La tatu ni wino mwekundu. Vema pekee humwambia mtoto kwamba amepatia. Mkasi humwambia amekosa, wala haumwambii amekosa wapi. Kinachofundisha ni masahihisho, yaani alama inayoonyesha mahali kosa lilipo, na baada yake kazi ile imerudiwa na mtoto ikapitiwa tena. Kwa mwalimu wa darasa kubwa hii ni kazi nzito, nasi hatutegemei aifanye kwa kila zoezi. Lakini mwezi mzima usipite bila hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Pia jihadhari na daftari ambalo makosa yamewekewa vema, kwa maana limepitiwa haraka ili lionekane limepitiwa.

Wapo wazazi wanaotuambia kwamba mtoto hufundishwa vizuri zaidi katika masomo ya ziada ya kulipia kuliko katika kipindi cha kawaida, na mwalimu ni yuleyule. Ikiwa mada iliyo kwenye daftari la jioni ndiyo iliyokosekana kwenye daftari la asubuhi, mzazi anauziwa mara ya pili huduma iliyokwisha kulipiwa. Madaftari yote mawili yapelekwe kwa mwalimu mkuu yakiwa yamefunguliwa kurasa hizo.

Kiboko na hofu

Mwenendo wa mwalimu unajumuisha mkono wake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 bado zinairuhusu adhabu hiyo shuleni, lakini kwa mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Hutolewa kwa kosa kubwa la nidhamu tu, kwa viboko visivyozidi vinne. Humchapa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi kwa tukio hilo. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo na mwalimu wa kike. Kila tukio huandikwa katika kitabu maalumu pamoja na kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Kwa hiyo mtoto aliyechapwa kwa kukosa jibu la hesabu, au darasa zima lililopangwa mstari kwa kuchelewa, limeadhibiwa nje ya kanuni.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba bila fimbo watoto hawasomi. Nchini Uganda jambo hilo lilipimwa katika shule za msingi 42 za Wilaya ya Luwero. Nusu ya shule hizo zilitekeleza mpango wa kuwaandaa walimu, wanafunzi na viongozi kuendesha shule bila kupiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule hizo walisema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia, ikilinganishwa na asilimia 49 katika shule nyingine. Asilimia 31 bado ni kubwa, na hatutaki kumdanganya mtu kwamba mazoea hukatika kwa semina moja. Ila yalipungua, na shule hazikuvunjika. Kuhusu darasani, mtoto anayeogopa kukosea hanyooshi mkono, na asiyenyoosha mkono humwachia mwalimu kudhani kwamba ameelewa.

Kutomwonea mwalimu

Kipimo kibovu humdhuru anayepimwa. Ule mradi wa Marekani tulioutaja uliona kwamba kutazama kipindi kimoja, kwa jicho la mtu mmoja, hutoa alama zisizotegemeka. Vipindi vikiongezwa, na hasa watazamaji wakiongezwa, ndipo alama hutulia. Mwalimu hodari ana siku mbaya, na mwalimu dhaifu anaweza kuandaa kipindi kimoja cha kupendeza kwa siku ya wageni. Basi mzazi asihukumu kwa Ijumaa moja. Akusanye mwezi mmoja wa ratiba na daftari, na awaulize wazazi wengine wawili au watatu wa darasa hilohilo kama wameona alichoona yeye. Jambo lililoonekana katika nyumba nne lina uzito kuliko hasira ya nyumba moja.

Mahali pa kuanzia ni kwa mwalimu wa somo mwenyewe, kwa heshima na kwa maelezo mahususi. Kauli kwamba mwalimu hafundishi haina pa kushika. Lakini mzazi anaweza kusema: "Mwalimu, mwezi huu nimeona kazi nne tu za Hisabati kwenye daftari la mwanangu, naomba unieleze." Likishindikana, aende kwa mwalimu mkuu, ambaye anaweza kulinganisha maneno ya mzazi na azimio la kazi na maandalio ya somo. Hatua inayofuata ni kamati ya shule, halafu Afisa Elimu Kata. Mzazi anayetaka kuketi darasani aombe ruhusa ya mwalimu mkuu kwanza. Asichungulie dirishani.

Juu ya ngazi hizo kuna ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule katika wilaya. Tangu kiunzi cha mwaka 2017, wathibiti hutazama maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ubora wa ufundishaji na upimaji, ubora wa mtaala, uongozi, mazingira ya shule pamoja na afya na usalama wa watoto, na ushiriki wa jamii. Wakitembelea shule huandika ripoti, na sehemu ya ufundishaji hutokana na vipindi walivyovitazama. Wazazi wachache huuliza habari zake. Mjumbe wa kamati anaweza kuomba mapendekezo ya ripoti ya mwisho yasomwe mkutanoni, na katika mkutano unaofuata aulize ni mapendekezo yapi yametekelezwa. Malalamiko yanayohusu nidhamu ya mwalimu wa shule ya umma, kama utoro wa kudumu, ulevi kazini au unyanyasaji wa mtoto, huifikia Tume ya Utumishi wa Walimu kupitia ofisi yake ya wilaya. Penye dalili ya ukatili wa kingono mzazi asisubiri kikao chochote; aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, siku hiyohiyo.